Gari lilikuwa wapi saa nane usiku?

Na Mwandishi Wetu, Mwanhuzi

Msimu wa pamba ukifunguliwa, Mwanhuzi hailali. Malori yanapishana kutoka maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, vijijini kwenda viwanda vya kuchambulia, mabasi ya alfajiri yanapiga honi stendi kabla hakujapambazuka, na wenye magari, ambao madereva wao huwaita matajiri hata wakiwa na lori moja la mkopo, wanashinda na simu sikioni. Swali lao ni moja: gari liko wapi?

Swali hilo siku hizi ni jepesi. Unafungua programu kwenye simu, unaona alama ikitembea kwenye ramani kuelekea Lalago, unaendelea na chai yako. Gumu ni swali la pili, lile linalokuja asubuhi baada ya hasara: gari lilikuwa wapi, na lilikuwa linafanya nini, usiku wa kuamkia leo?

La kwanza linajibiwa na mstari mmoja wa taarifa. La pili linataka maelfu. Kifaa kinachotuma taarifa kila baada ya sekunde 30 huandika mistari 2,880 kwa siku, na kwa siku 30 mistari hiyo hufika 86,400. Kila mstari unaweza kuwa na mahali, mwendo, hali ya swichi, kiasi cha mafuta na joto la injini. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam ina ofisi nzima ya kusoma vitu hivyo. Tajiri wa Mwanhuzi mwenye magari mawili hana, kwa hiyo kumbukumbu zake, anazozilipia kila mwezi, zinalala kwenye seva mpaka siku ya ajali, madai ya bima au kesi.

Hapo ndipo linapokuja jambo jipya linaloanza kuzungumzwa na watu wa teknolojia ya usafirishaji duniani: kumpa wakala wa akili unde zana ya kuchota kumbukumbu za vihisi vya gari, ili mwenye gari aulize kwa maneno yake mwenyewe na kujibiwa kwa ushahidi. Jambo hilo lina faida kubwa kwa mtu mdogo. Lina pia mitego ambayo kwetu sisi, tunaohesabu saa kwa Kiswahili, ni mikali kuliko kwa wengine.

Kilichomo ndani ya kisanduku

Abiria wa mabasi ya mikoani wanalijua jina VTS, ule mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari ulioanza enzi za SUMATRA, mdhibiti wa zamani wa usafiri, na kurithiwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019. Basi likizidisha mwendo, kifaa kinapiga kelele mbele ya dereva na taarifa inakwenda kwa mdhibiti. Baadaye LATRA ikaongeza kitufe cha utambuzi, i-button, ambacho dereva anakigusisha kabla ya safari ili ijulikane ni nani aliyeshika usukani.

Madereva wanaelewa vizuri tofauti ya VTS na tochi ya trafiki. Tochi inakushika mahali pamoja, na wenzako wanaokuja upande wa pili wanakuwashia taa kukutahadharisha. VTS inaandika barabara yote, kuanzia stendi unakotoka mpaka unakoshushia. Umuhimu wake uliongezeka mwaka 2023, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza bungeni kuondolewa kwa zuio la mabasi kusafiri usiku, zuio lililodumu tangu miaka ya 1990, na safari za saa 24 zikaanza Oktoba mwaka huo. Usiku hakuna macho mengi barabarani, kwa hiyo kumbukumbu ya kifaa ndiyo shahidi anayebaki.

Majirani zetu nao wamepita njia hiyo. Kenya, mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, ililazimisha matatu kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Ulaya, tangu Mei 2006, magari mapya makubwa ya biashara yanatakiwa kuwa na kinasa safari cha kidijitali badala ya zile sahani za karatasi zilizokuwa zikichorwa na sindano.

Gari lenyewe pia limekuwa likiandika. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitambulisha CAN, njia ya waya mbili inayowezesha vipande vya gari kupashana habari, na tangu magari ya mwaka 1996 Marekani ilitaka kila gari dogo linalouzwa huko liwe na tundu la kupimia kompyuta yake. Ndilo tundu ambalo fundi wa mjini anachomeka mashine yake anapokwambia "ngoja tulipime". Kifaa cha kufuatilia kikiunganishwa na waya hizo, hakisomi tena mahali na mwendo tu. Kinasoma joto la maji ya rejeta, mizunguko ya injini, mafuta na jumla ya kilomita.

Karani anayetumwa masjala

Modeli ya akili unde yenyewe haijui lolote kuhusu lori lako. Haijawahi kuliona, na ukiiuliza bila kuipa zana itakubahatishia. Ikiwa na zana, inafanya kazi ya karani wa masjala: inasikiliza shida yako, inajaza fomu, inatumwa dirishani, inarudi na faili.

Fomu hiyo ina nafasi chache. Gari gani? Kuanzia muda gani? Mpaka muda gani? Vipimo gani? Programu inayobeba ombi ina ufunguo wa akaunti yako. Inakwenda kwenye seva ya kampuni ya ufuatiliaji, inarudi na mistari, na modeli inaisoma na kukujibu. Kampuni kama Samsara ya Marekani na Geotab ya Kanada, zinazohudumia wenye magari mengi, zina milango ya aina hiyo ya kuombea historia ya vipimo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya wazi iitwayo MCP, inayoweka utaratibu mmoja wa kuunganisha modeli na zana za nje, ili kila mtengenezaji asibuni plagi yake.

Kwa maneno inaonekana rahisi. Tuchukue mfano tuone kazi inavyokwenda.

Lori la pamba limechelewa kufika. Jumapili asubuhi simu inaita.

"Shikamoo mzee. Gari lilichemsha jana usiku, tukalala njiani."

"Marahaba. Mlilala wapi?"

"Hapa kabla ya kufika Lalago. Tumeongeza maji alfajiri, sasa tunakuja."

Tajiri ana wasiwasi wake. Kisingizio cha gari kuchemsha ni cha zamani kama malori yenyewe, na mara nyingi nyuma yake kuna madumu na mpira wa kunyonyea mafuta. Anamwandikia wakala: "Niangalizie lori langu kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 15 Juni 2025. Lilichemsha kweli? Mafuta yalipungua?"

Saa tatu ya nani?

Seva za mifumo hii kwa kawaida hutunza muda kwa saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Saa tatu usiku ya Mwanhuzi ni 21:00 kwa saa za Afrika Mashariki, nayo ni 18:00 kwa UTC. Saa kumi alfajiri ni 04:00 kwetu, 01:00 kwa UTC. Na kwa kuwa usiku wa kuamkia Jumapili unaanza Jumamosi, ombi sahihi linatakiwa kwenda hivi:

kuanzia 2025-06-14T18:00:00Z
mpaka 2025-06-15T01:00:00Z

Ile Z mwishoni ndiyo inayotangaza kwamba saa hii ni ya dunia, si ya Mwanhuzi.

Sasa fikiria wakala aliyefundishwa zaidi kwa lugha za watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane. Anaona "saa tatu" na "saa kumi", anaandika 03:00 mpaka 10:00, na kwa kuwa ametajiwa Jumapili, anaweka tarehe 15. Ombi linakwenda, faili linarudi bila hitilafu yoyote. Ndani yake kuna lori lililoegeshwa, injini imezimwa, kisha likawashwa alfajiri likiwa limepoa. Wakala anaandika kwa heshima zote: "Hakuna dalili ya injini kupata joto kali katika kipindi ulichotaja." Dereva amekuwa mwongo, na kazi imeota mbawa.

Kipindi sahihi kingeonyesha mambo mengine kabisa. Saa tatu na nusu usiku joto la maji ni nyuzi 91. Dakika kumi baadaye ni 99. Saa nne kasoro dakika tano ni 109, na saa nne na dakika mbili injini inazimwa. Mahali ni kando ya barabara kabla ya Lalago, kama dereva alivyosema. Mafuta, yaliyokuwa asilimia 61 gari lilipoegeshwa, ni asilimia 60 saa kumi alfajiri. Hakuna kilichonyonywa. Tena, tajiri akiuliza historia ya wiki sita badala ya usiku mmoja, huenda akaona joto likipanda taratibu safari hadi safari, kama inavyotokea vumbi na nyuzi za pamba zinapojaza mapezi ya rejeta. Kosa litakuwa la matengenezo, ambayo ni kazi yake yeye mwenye gari.

Ni mfano tu, lakini hesabu za saa ni za kweli, na kosa hilo halionekani kwa macho. Jibu potofu linakuja na sarufi safi, tarehe na namba. Dawa yake ni ndogo: wakala alazimike kukurudishia kipindi alichotafuta kwa saa zako kabla ya kutoa hukumu yoyote. "Nimetafuta kuanzia Jumamosi saa tatu usiku hadi Jumapili saa kumi alfajiri." Sentensi hiyo moja ingetosha kulinda jina la dereva.

Hamsini na nne isiyo hamsini na nne

Mtego wa pili ni wa vipimo. Sheria yetu ya usalama barabarani inayaruhusu mabasi ya abiria kilomita 80 kwa saa, na ndani ya makazi ukomo ni 50. Lakini baadhi ya mifumo ya Kimarekani hutoa mwendo kwa maili. Basi lililoandikwa 54 linaonekana la mpole, ilhali maili 54 ni kilomita 87. Jumla ya umbali nayo mara nyingi huandikwa kwa mita: milioni 412 si hitilafu, ni kilomita 412,000.

Kuna pia suala la kurasa. Historia ndefu haitolewi yote kwa mara moja. Seva hutoa ukurasa wa kwanza na alama ya kuombea unaofuata. Wakala akiridhika na wa kwanza, anakupa habari za kutoka Mwanhuzi mpaka Lalago huku ukidhani umesomewa mpaka Mwanza.

Na namba moja peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Kwa ishara za setilaiti za GPS, zinazozunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya dunia, kifaa hukadiria mahali kwa tofauti ya mita kadhaa. Gari lililoegeshwa karibu na ukuta mrefu au chini ya paa la bati linaweza kuonekana likitangatanga, na ishara ikiruka, mstari mmoja unaweza kudai basi lilikuwa na mwendo ambao injini yake haiwezi. Msomaji makini anatazama mistari ya kabla na ya baada. Mafuta ni vivyo hivyo. Kwenye makorongo boya la kupimia mafuta linapanda na kushuka ndani ya tangi. Kwenye mteremko asilimia inabadilika bila tone kutoka. Mafuta ya lori lenye tangi la lita 300 yakishuka kutoka asilimia 61 hadi 48 kwa nusu saa, lori likiwa limeegeshwa tambarare, injini imezimwa, hapo lita 39 zinahitaji maelezo. Yakishuka hivyo lori likiwa linapanda kilima, subiri kwanza lifike juu.

Kifaa kikinyamaza

Wilaya yetu ya Meatu ni pana. Kuna njia ya Sibiti, yenye daraja la mita 82 linalotuunganisha na Mkalama mkoani Singida, na kuna upande wa Makao unaopakana na Pori la Akiba la Maswa. Kadiri unavyosogea pembezoni, mtandao wa simu unapungua. Vifaa vingi hutunza mistari ndani na kuituma gari likirudi kwenye mtandao, kwa hiyo kila mstari una nyakati mbili: wakati tukio lilipotokea na wakati taarifa ilipofika kwenye seva. Zana inayotafuta kwa wakati wa kufika itakosa safari nzima ya porini, au itaiweka kwenye saa isiyo yake.

Pengo kwenye kumbukumbu, basi, lina tafsiri zaidi ya moja. Linaweza kuwa mtandao, ambapo mistari itafika baadaye. Linaweza kuwa betri ya gari iliyokwisha. Linaweza kuwa mtu aliyechomoa waya, ambapo kifaa chenye betri ya akiba huandika kwamba umeme mkuu umekatika. Wakala mzuri anasema "hakuna taarifa kuanzia saa fulani mpaka saa fulani" na kuonyesha kama umeme ulikatika. Wakala mbaya anaunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka na kukusimulia safari ambayo hakuna aliyeishuhudia.

Ukweli wa kumbukumbu una thamani hata nje ya ugomvi wa mafuta. Mwamishali, humu humu Meatu, kampuni ya bioRe imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba hai tangu miaka ya 1990. Pamba hiyo haitakiwi kuchanganyika na nyingine popote njiani. Lori linaloweza kuonyesha lilikosimama, kwa muda gani na kwa sababu gani, linabeba kitu ambacho mnunuzi yuko tayari kukiheshimu.

Nani aulize, na asiguse nini

Tangu i-button ifungamanishe safari na jina, kumbukumbu ya basi imekuwa pia kumbukumbu ya mtu: alilala wapi, alipumzika saa ngapi, aliendesha kwa muda gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuisimamia. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kufikia taarifa zinazomhusu na inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Dereva anayekatwa mshahara kwa jibu la wakala ana haki ya kuona mistari iliyozaa jibu hilo. Tajiri akiweza kuuliza, dereva naye aweze.

Kuna jambo la pili, nalo ni la usalama. Vifaa vingi vya kufuatilia vina uwezo wa kuzima gari kwa mbali. Waendesha bodaboda na bajaji za mkopo wanaufahamu vizuri. Kuchota historia ni kusoma. Kuzima injini ni kutenda. Wakala mmoja asikabidhiwe funguo zote mbili. Akikosea saa kwenye kusoma, utamwomba dereva radhi. Akikosea kwenye kuzima, lori lenye tani za pamba litakufa kwenye kona usiku, na nyuma yake kuna basi linakuja.

Kwa hiyo kampuni ya ufuatiliaji itakapokuja Mwanhuzi na msaidizi wake wa akili unde, na haitachelewa kuja, mwenye gari aulize mambo matano kabla ya kutoa fedha. Je, msaidizi anaelewa saa ya Kiswahili na kunirudishia kipindi alichotafuta? Je, anataja kipimo, kilomita au maili, lita au asilimia? Je, anasema wazi panapokosekana taarifa? Je, naweza kuona mistari yenyewe, mimi na dereva wangu? Na ufunguo wake ni wa kusoma tu?

Muuzaji akijikanyaga kwenye lolote kati ya hayo, programu ya ramani aliyonayo tajiri leo inamtosha. Kwa yaliyopita aendelee kumsikiliza dereva na fundi, maana hao akiwatilia shaka anaweza kuwaita na kuwahoji tena.